Mbona Siumwi? Maswali ya Kina Mama kuhusu Saratani ya Mlango wa Kizazi

Maswali haya nimeyaokota pale yanapoulizwa kweli: kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, mtu ameshika kadi mkononi, anaangalia pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Tanzania. Kwa hiyo habari za huduma nitakazotaja ni za huku kwetu, ila ugonjwa wenyewe ni ule ule popote ulipo.

Siumwi popote. Nipime kwa ajili gani?

Kwa ajili hiyo hiyo, kwamba huumwi. Saratani hii haiumi inapoanza. Tangu kirusi kinachoileta kiingie mwilini mpaka saratani ikamilike hupita kama miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke ambaye kinga yake ya mwili ni nzuri. Kwa mwenye kinga dhaifu ni miaka 5 hadi 10. Miaka yote hiyo unalima, unazaa, unauza sokoni, unacheza vikoba, na huna habari. Kinachobadilika ni chembechembe za ngozi ya mlango wa kizazi tu, taratibu, na mabadiliko hayo yakionekana mapema huondolewa siku ile ile ukarudi nyumbani kuinjika sufuria.

Anayesubiri mpaka aumwe hukuta ugonjwa umeshatoka pale ulipoanzia, umeshika nyonga au umebana njia ya mkojo. Makadirio ya Tanzania ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Tazama jinsi hizo namba mbili zilivyo karibu. Zimekaribiana kwa sababu tunachelewa kuja, maana dawa ya ugonjwa huu ukiwa mchanga ipo.

Mlango wa kizazi ndio upi hasa?

Ni shingo ya mfuko wa uzazi, sehemu ya chini inayochungulia ndani ya uke. Ukiigusa kwa kidole ni ngumu kidogo na laini juu, kama ncha ya pua. Mama yeyote aliyezalia hospitali ameshasikia ikitajwa: "njia imefunguka sentimita nne," "sasa sita," "kumi, sukuma mama!" Ndiyo hiyo. Wengine huiita shingo ya kizazi, ni kitu kimoja.

Inaletwa na nini? Bibi anasema ni mchango, jirani anasema ni vidonge vya uzazi wa mpango.

Inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV, karibu wagonjwa wote. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha uhusiano huo, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Kirusi hiki kina aina nyingi. Namba 16 na 18 peke yake husababisha kama asilimia 70 ya saratani hizi.

Mchango, kwa jinsi navyousikia, ni jina la kila kitu kinachomsumbua mwanamke chini ya kitovu. Simkatazi mtu dawa ya bibi yake. Namwomba tu apime kwanza, ili tujue huo mchango ni mchango wa nini.

Vidonge vya majira vikitumiwa miaka mingi mfululizo huongeza hatari kidogo kwa mwanamke ambaye tayari ana kirusi. Bila kirusi havileti saratani, na si sababu ya kuvitupa ukapata mimba usiyoipanga. Sigara huongeza hatari. Kuanza kujamiiana mapema sana huongeza, na kuzaa mara nyingi pia.

Kuhusu shabu, ugoro, majani na sabuni ambazo wengine huweka ukeni ili "kujibana" au kujisafisha: si chanzo cha saratani hii, lakini huchubua ngozi, na kinachochubuka hupokea maradhi kwa urahisi. Uke hujisafisha wenyewe. Nje maji yanatosha.

Mume wangu ni mmoja tu tangu usichana. Ikikutwa kwangu, ina maana ametoka nje?

Hili ndilo swali linalovunja nyumba za watu, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

HPV huambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa kujamiiana. Ni kirusi cha kawaida mno: watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani maishani, wanaume kwa wanawake, na wengi wao mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wao kujua walikuwa nacho. Wachache ndio kinaowang'ang'ania. Na kinaweza kujificha miaka mingi. Kwa hiyo kirusi kilichoonekana leo huenda kiliingia usiku wa harusi yenu, au yeye alikuja nacho kutoka ujanani kabla hajakujua, au wewe. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kiliingia lini wala kwa nani.

Majibu ya kipimo hiki hayawezi kuwa ushahidi wa ugoni. Nasema hivi kwa kina mama, na nasema hivi kwa waume wanaowangoja nje kwenye pikipiki. Tena mwanaume hana kipimo cha kawaida cha kirusi hiki, kwa hiyo usimburute kliniki "na yeye akapimwe".

Kondomu hupunguza uambukizo lakini haizuii kabisa, kwa kuwa haifuniki ngozi yote. Mwanaume aliyetahiriwa ana uwezekano mdogo zaidi wa kukibeba.

Kipimo chenyewe kinafanywaje? Nimeambiwa wanavuta kizazi nje.

Hakuna anayevuta kitu. Nitakusimulia hatua kwa hatua, maana hofu nyingi ni ya kutojua.

Unavua chini, unajifunga kanga yako, unalala chali kitandani na magoti juu, kama ulivyolala siku ya kujifungua, ila leo bila uchungu. Muuguzi anaingiza kifaa kinachotanua uke ili aone ndani. Utasikia ubaridi, hasa kikiwa cha chuma, na kubanwa kidogo. Ukikaza mapaja inakuwa shida, ukivuta pumzi ndefu na kulegeza makalio kinaingia bila kelele. Kisha anawasha taa.

Halafu inakuja siki. Ndiyo, siki, ndugu ya ile unayotia kwenye kachumbari, ila hii imepimwa nguvu yake, asilimia 3 hadi 5. Anachovya pamba, anapaka juu ya mlango wa kizazi, na anasubiri dakika moja nzima. Wengine husikia mwasho mdogo, wengine hawasikii kitu. Katika dakika hiyo mimi humuuliza mtu habari za watoto, ili asihesabu sekunde.

Mlango wa kizazi wenye afya hubaki na rangi yake ya waridi. Penye chembechembe zilizobadilika hugeuka peupe, weupe mzito wenye mpaka, kama tone la chokaa lililokauka ukutani. Ukipenda, unaweza kuonyeshwa kwa kioo. Wengi hukataa, lakini wanaokubali hushangaa kuona kwamba ni kitu kidogo hivyo. Majibu unayapata pale pale kabla hujavaa viatu. Yote ni kama dakika kumi.

Usije ukiwa kwenye hedhi, kwa sababu damu huficha. Siku mbili kabla usijamiiane, na usiweke dawa yoyote ukeni. Mjamzito kwa kawaida huambiwa asubiri ajifungue, arudi baada ya arobaini.

Wameona weupe. Nina saratani?

Huenda huna kabisa. Weupe una maana kwamba kuna chembechembe zilizobadilika, na mara nyingine ni uvimbe wa maambukizi ya kawaida tu. Saratani yenyewe huwa na sura nyingine: kinundu au kidonda kinachovuja damu kikiguswa. Huyo hupelekwa hospitali kubwa moja kwa moja, akakatwe kinyama kidogo kipimwe maabara.

Nilipoanza kazi hii nilifanya kosa ambalo sijalisahau. Nilimwambia mama mmoja, "Umekutwa pozitivu," kisha nikainama kuandika kwenye rejista. Nilipoinua macho kitanda kitupu. Kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu, VVU, na alidhani nimempa hukumu mbili kwa pumzi moja. Alirudi baada ya miezi kadhaa, ameletwa na dada yake, na kwa bahati hali ilikuwa bado ya awali. Tangu siku hiyo neno hilo halitoki kinywani mwangu. Nasema, "Kuna sehemu imebadilika rangi, tunaweza kuitibu leo."

Na kweli hutibiwa siku ile ile sehemu hiyo ikiwa ndogo na haijaingia ndani ya tundu la mlango wa kizazi. Kituo kingine hugandisha kwa baridi, kingine huchoma kwa kifaa kidogo chenye joto la nyuzi 100 hivi, sekunde 20 hadi 30, ukimaliza mguso mmoja pengine unaongezwa wa pili. Unasikia mkakamao kama wa siku za hedhi. Sehemu ikiwa kubwa, hospitali hukata ngozi hiyo kwa waya mwembamba unaopitisha umeme, baada ya sindano ya ganzi.

Baada ya hapo utatokwa na maji maji kwa wiki mbili, tatu, hata nne. Usishtuke, vaa pedi. Wiki nne usijamiiane. Ikishindikana, kondomu kila mara, kwa sababu kidonda kibichi ni mlango wazi kwa VVU. Ukipata homa, damu nyingi au harufu kali, rudi kabla ya tarehe. Vinginevyo unarudi baada ya mwaka kuangaliwa tena.

Kizazi hakitolewi. Mtoto utazaa.

Kuna kipimo cha kujichukulia mwenyewe?

Kipo. Ni kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Unapewa kijiti chenye pamba laini, unaingia chooni au nyuma ya pazia, unakiingiza ukeni, unakizungusha, unakirudisha kwenye kichupa chake. Hakuna anayekutazama. Shirika la Afya Duniani sasa linakiweka mbele ya siki kwa sababu kinakamata zaidi, na ukikutwa huna kirusi unaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudia. Ubaya wake ni maabara: huku kwetu hakijafika kila mahali na majibu huenda yakachukua siku. Kilichopo karibu yako leo ni bora kuliko kizuri kilichopo mbali. Ukikuta siki, pima kwa siki, urudi baada ya miaka mitatu.

Papsmia nayo ipo kwenye hospitali kubwa, ile ya kukwangua chembechembe na kuzitazama kwa darubini.

Nianze na umri gani?

Miaka 30, na ukifika 50 bado hujawahi kupima usiseme muda umepita. Isipokuwa kwa wanawake waliokoma hedhi siki haifanyi kazi vizuri, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana inakuwa imejirudisha ndani ya tundu. Kwao inatakiwa papsmia au kile kipimo cha kirusi.

Ninaishi na VVU. Mambo yangu ni tofauti?

Ndiyo, na naomba usome jibu hili mara mbili. Hatari yako ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya mwanamke asiye na VVU. Wewe unaanza kupima ukiwa na miaka 25, husubiri 30, na unarudi mapema kuliko wenzako. CTC yako, yaani kliniki unakochukua dawa za VVU, itakupangia tarehe. Dawa za kufubaza virusi zinasaidia mwili kupambana na HPV, kwa hiyo usikatize dozi. Ila hata kama virusi vyako havionekani kwenye kipimo, bado utapanda kitandani kupimwa. Ukienda kuchukua dawa na hakuna aliyekuuliza habari hii, iulize wewe.

Chanjo ya HPV ya binti yangu: ni kweli inafunga kizazi?

Si kweli. Nimesikia uvumi huu kwa sura nyingi: ni njama ya kutupunguza, kwa nini wanachanja wasichana tu, kwa nini ni bure. Sicheki mzazi anayeuliza, mtoto ni wake na ana haki ya kujua kinachoingia mkononi mwa mwanawe.

Ndani ya chanjo hakuna kirusi kizima. Kuna ganda lake tu, kama ganda la yai bila kiini, linaloufundisha mwili sura ya adui. Rwanda ilianza kuchanja nchi nzima mwaka 2011, ikiwa ya kwanza Afrika. Wale wasichana wa shule ya msingi sasa ni wanawake wa miaka ya ishirini na kitu, na wodi za wazazi za Kigali hazijafungwa kwa kukosa kazi. Huko Uskoti, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2024 hawakukuta hata mwanamke mmoja mwenye saratani hii kati ya waliopata dozi zote wakiwa na miaka 12 au 13.

Kwetu chanjo ilianza nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wazazi wengine waliona dozi imepunguzwa wakadhani wanapunjwa. Sehemu ya ushahidi wa hiyo dozi moja umetoka kwa mabinti wetu wenyewe: utafiti wa Mwanza ulifuatilia wasichana 930 wa umri huo huo, na waliochomwa mara moja karibu wote walikuwa na kinga dhidi ya namba 16 na 18.

Kwa nini miaka 9, mtoto mdogo hivyo? Kwa sababu chanjo hukinga, haitibu. Lazima itangulie kirusi. Anayeona kumchanja binti ni kumruhusu kuanza mapenzi akumbuke kwamba tulimchanja pepopunda bila kumruhusu kukanyaga misumari.

Mkono utamuuma siku moja mbili. Wengine hupata kizunguzungu kwa woga wa sindano, ndiyo maana wanakalishwa dakika 15 kabla ya kurudi darasani. Mpe chai asubuhi, asije na njaa.

Nilichanjwa shuleni. Bado nipime?

Ndiyo, ukifika umri. Chanjo haikingi aina zote.

Mama mkwe ana miaka 63. Damu ilikoma siku nyingi, sasa imerudi. Wifi zangu wanasema ujana umerudi.

Mpelekeni wiki hii. Damu iliyokoma mwaka mzima au zaidi hairudi yenyewe kwa heri. Huenda si saratani, lakini mpaka mtaalamu aangalie, ichukulieni kama ndiyo. Najua ilivyo vigumu kwa mkwe kulisema hilo kwa mkwe. Mara nyingi nimeona anayelifungua ni mjukuu anayefua nguo.

Na kwa mwanamke wa umri wowote: damu baada ya kujamiiana, damu katikati ya mwezi, uchafu wenye harufu ambao umemeza dawa mara mbili tatu na haujaondoka, hizo ni dalili. Hapo siyo habari ya kuchunguzwa kwa ratiba tena, ni habari ya kumwona daktari. Kiuno kuuma bila kupoa, mguu mmoja kuvimba na mkojo kutoka bila kujizuia huja baadaye kabisa.

Nikikutwa nayo kweli, ndiyo mwisho?

Ikiwa bado ndani ya mlango wa kizazi, upasuaji au mionzi huweza kuiponya. Ikiwa imetoka kidogo, mionzi pamoja na dawa ya mshipani mara moja kwa wiki bado huponya wengi. Mionzi ya nje huchukua kama wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku dakika chache tu, kisha inafuata mionzi ya ndani. Ikiwa imesambaa mwilini, kazi yetu ni kupunguza maumivu na damu, na hiyo ni tiba, mtu asikwambie "hakuna la kufanya".

Tanzania kituo kikuu ni Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye lile jengo la enzi za Mjerumani linalotazama bahari. Bugando, Mwanza, nao wanatoa mionzi. Kinachowashinda wagonjwa wa mikoani mara nyingi si mashine bali wiki hizo tano: alale wapi, nani aangalie watoto, nauli ya kurudi itoke wapi. Ukipewa rufaa, uliza habari ya malazi na ustawi wa jamii kabla hujapanda basi. Na mionzi isikatizwe katikati kwa ajili ya mavuno au msiba. Dozi iliyokatika huipa saratani nafasi ya kupumua.

Ni shilingi ngapi?

Kwenye vituo vya serikali vinavyotoa huduma hii, uchunguzi ni bure. Chanjo ya mabinti ni bure pia.

Nikikuta muuguzi mwanaume je?

Sema unataka mwanamke. Hakuna atakayekasirika, na akikasirika ni juu yake. Ukiambiwa mwanamke yuko zamu ya kesho, uliza saa ngapi, uje kesho.

Kipimo kinavunja swaumu?

Hilo muulize sheikh wako, mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nilichofanya kila mwaka ni kuwapangia wanaofunga wiki baada ya Iddi, na huja kwa wingi, wamepaka hina.

Siku hiyo nije na nini?

Kadi yako kama unayo, tarehe ya hedhi yako ya mwisho, pedi moja kwenye mkoba, na kanga. Kanga tunayo kituoni lakini mtu hutulia zaidi akijifunga ya kwake. Uoge kama kawaida, hakuna haja ya kunyoa. Ukija na shoga yako, semeni mapema nani anatangulia, maana mabishano ya "tangulia wewe" huwa yanachukua muda mrefu kuliko kipimo.